Namba ya Mukami

Sista Ruguru ndiye aliyekuwa muuguzi pekee katika zahanati moja upande wa Ishiara, na kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi pale hakuwahi kukutana na mtu mwenye jicho kama la Mukami.

Mukami alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mke wa Gedion, mama wa mtoto mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na mkoba begani, akiuliza nani amekosa chanjo, nani ana mimba na hajaanza kliniki. Siku moja alimshika mjamzito mkono akamleta mpaka zahanatini.

"Sista, huyu miguu imefura. Na anasema anaona nyota mchana."

Ruguru alipima presha, akaikuta imepanda vibaya. Mwanamke alikimbizwa hospitali kubwa, akajifungua salama. Jioni hiyo Ruguru alimkalisha Mukami kwenye benchi la wagonjwa.

"Wewe unafaa kuwa nesi."

Mukami alicheka. "Na hii miaka yangu thelathini na moja?"

"Alama zako za kidato cha nne zinatosha. Mengine niachie mimi."

Na kweli aliyabeba. Gedion alipokataa, Ruguru alimfuata nyumbani mara tatu, mpaka mama mkwe wa Mukami akasema basi, mtoto atabaki naye. Chuo pia alikichagua yeye. Kilikuwa mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliwahi kualikwa pale siku moja kufundisha habari za watoto wachanga, akaona vitanda, akaona sanamu ya mgonjwa, akaona wasichana waliovaa sare nyeupe zilizopigwa pasi vizuri. Aliridhika. Tena kilikuwa karibu. Mukami angeweza kurudi kila Ijumaa kumwona mtoto.

Ilipita miaka mitatu. Mafunzo ya vitendo Mukami aliyafanyia mikononi mwa Ruguru. Kuna asubuhi mama mmoja alikuja kujifungua, mtoto akatoka kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili, na Ruguru akasimama nyuma kwa makusudi, mikono kifuani, akimwachia. Mukami hakutetemeka. Alimwambia mama asisukume, akapitisha vidole, akaivusha kamba juu ya kichwa, na mtoto akalia. Ruguru alitoka nje akajifanya anaangalia tangi la maji, maana machozi yalikuwa yameshamtoka.

Ulibaki mtihani wa baraza la wauguzi. Bila huo hakuna leseni, na ili kuukalia kila mwanafunzi lazima awe na namba kutoka barazani. Chuo kilisema namba ziko njiani. Mwezi ukaisha, wakasema mtandao unasumbua. Mwingine ukaisha, wakaacha kushika simu. Ruguru akaamua kupiga barazani mwenyewe, Mukami amesimama kando yake.

Karani aliyepokea simu alikuwa na sauti ya upole. Aliuliza jina la chuo, akalitafuta kwenye kompyuta.

"Mama, hicho chuo hakiko kwenye orodha yetu. Hakijawahi kuwepo."

"Na miaka mitatu aliyosoma?"

"Itabidi aanze upya. Mwaka wa kwanza, chuo kilichosajiliwa. Pole sana."

Kesho yake walikwenda Embu pamoja. Mlango wa ghorofani ulikuwa na kufuli. Mwenye duka la chini aliwaambia watu wale walihama Jumapili, wakapakia vitanda na ile sanamu kwenye lori. Hakuuliza wanakwenda wapi. Aliwatolea viti viwili vya plastiki wakae.

Mukami alikaa akitazama barabara.

"Sista, hiyo orodha inaonwa na mtu yeyote?"

"Iko kwenye mtandao."

"Uliiangalia?"

Ruguru alitaka kudanganya. Neno lilifika mdomoni kabisa. "Sikuiangalia, Mukami."

Mukami aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari za majirani. "Mimi nilijua umeiangalia."



Ruguru alijaribu. Aliandika barua, alikwenda polisi, alitafuta chuo kingine. Gedion alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Nafasi ya Mukami ya kuzunguka vijijini ilikuwa imepewa mtu mwingine. Akaanza kuchuma muguka, majani ya kutafuna kama miraa, katika mashamba ya watu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Aprili. Zahanati ilikuwa imefungwa, Ruguru ameenda mazishi Runyenjes. Karwirwa, mke wa jirani yake Mukami, alishikwa na uchungu, na mtoto akatanguliza miguu. Watu wakakimbilia kwa Mukami. Aliwaambia wampeleke hospitali. Wakambeba kwa pikipiki, mwanamke katikati ya wanaume wawili. Mtoto alizaliwa njiani, hakuvuta pumzi.

Ruguru alisikia Jumatatu asubuhi. Hakufungua zahanati. Alitembea moja kwa moja mpaka shambani, akamkuta Mukami ameinama kwenye safu ya muguka, kikapu kimefungwa kiunoni.

"Karwirwa yuko aje?" Mukami aliuliza bila kuinuka.

"Ataishi."

"Haya."

"Mukami, sijakuja kukulaumu."

"Ulikuja kufanya nini?"

 Mukami alichuma majani mengine, akayatia kikapuni.

"Nilikuwa najua la kufanya," alisema. "Miguu ikitangulia, hauvuti. Unangoja mpaka mabega yatoke. Ulinifundisha. Nilisimama mlangoni nikasikia Karwirwa akiniita kwa jina, na nikajiambia, mtoto akikufia mkononi watauliza namba yako ni gani. Utafungwa. Mtoto wako atalelewa na nani?" Alijifuta jasho kwa kiwiko. "Kabla ya shule ningekimbia kumsaidia, Sista. Ningekimbia hata bila kujua chochote."

Ruguru alinyoosha mkono kumgusa bega. Mukami alisogea kwenye mti unaofuata, bila hasira, kwa vile tu majani ya pale yalikuwa yamekwisha.

Mwenye shamba alikuwa ameshaanza kuwaangalia. Ruguru akageuka kati ya safu zile, akarudi. Zahanatini wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wameketi kivulini, wakimngoja afungue.