Leso ya Kisimani

Asubuhi ya kuzindua kibao cha kumbukumbu cha kisima cha Mji wa Kale, upepo ulikipeperusha kitambaa kilichokifunika, kikaenda zake juu ya mapaa. Na mgeni rasmi, Bwana Griffins, keshafika! Mbodze, fundi cherehani aliyewaongoza wanawake wa mtaa kukipigania kisima kisifukiwe, hakungoja kuambiwa. Alivua leso mabegani, akakifunika kibao.

Mara umati ukaangua kicheko. Macho yote yakamgeukia tajiri aliyetaka kukifukia kisima ajenge maegesho ya magari, naye akainamia viatu vyake. Mbodze akaitazama leso. Maneno yake yalikaa wazi katikati ya kibao: MTASEMA MTALALA, HAPA SIONDOKI.

"Yarabi!" Akajiziba mdomo. Leso ile aliivaa kumpigia kijembe wifi yake!

Lakini vigelegele vilishapaa. Bwana Griffins, huku akicheka, akaiondoa leso, akasoma maandishi ya marumaru kwa sauti: karne, wakfu, urithi wa taifa. Watu wakaanza kupiga miayo.

"Hebu irudishe leso, mwanangu," bibi mmoja akapaza sauti. "Kisima kilikuwa kinajisemea chenyewe."