Mwendo wa Mkuu wa Polisi

"Munji, ukiingia jukwaani na mwendo ule kwenye mchezo wa Jumapili, mimi siingii!" Wasila alimkemea kutoka dirishani kwake, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni. "Nina watoto mimi!"

"Mwendo gani, Bi Wasila? Mpelelezi mjinga ulitaka atembee vipi, kama bata?"

"Usinifanye mtoto. Kidevu juu, mikono nyuma, mguu wa kushoto unaburuzwa. Huyo ni Bwana Lamjad mtupu, Mkuu wa polisi! Mtaa mzima wanong'ona, wewe tu hujui?"

Munji kinyozi aliitazama miguu yake. Kweli hakujua. Miaka yote amemnyoa Mkuu wa polisi, amemtazama akiingia na kutoka, na miguu ikajifunza yenyewe. Kamati ya ukaguzi ya huko Tunis iliusoma mchezo neno kwa neno, ikafuta mistari, ikagonga muhuri. Lakini miguu nani aliisoma? Na zama zile mtu alichukuliwa hata kwa kukohoa vibaya.

Jumapili alasiri Nyumba ya Utamaduni ilifurika, watu mpaka madirishani. Safu ya mbele kakaa Bwana Lamjad, na ubavuni mwake mama yake mzee, Mama Duja, akitafuna mbegu za maboga. Munji aliingia akijaribu kutembea kivingine. Thubutu! Kila alivyojizuia, mguu ndivyo ulivyozidi kuburuzika. Akamgombeza maiti kwa kukataa kujibu maswali. Kimya. Akalitia pingu kabati la nguo. Kimya. Mjini pale hakuna aliyecheka kabla ya Mkuu kucheka, na uso wa Mkuu ulikuwa ukuta. Wasila, aliyeigiza mjane, akamfinya. "Tumekwisha," alinong'ona, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza.

Hapo Mama Duja akaangua kicheko. "Lamjad! Jione! Ndivyo ulivyokuwa ukitembea utotoni ukishajikojolea!"

Watu wakaziba midomo, mabega yakawatetemeka, kisha ukumbi ukalipuka. Mkuu akainuka, akatoka.

Munji hakungoja makofi. Alikimbia nyumbani na masharubu yake ya bandia, akavaa fulana juu ya fulana na soksi nene, maana waliowahi kupelekwa mahabusu walisema sakafu ya kule ina baridi. Akamwachia mkewe funguo za duka. Jua halijazama, askari akagonga.

"Mkuu anakuita. Nyumbani kwake, siyo kituoni."

Nyumbani ndiko kubaya zaidi, Munji akawaza. Huko hakuna wa kushuhudia. Wasila alikuwa dirishani. Safari hii akalifunga taratibu.

Mlango aliufungua Bwana Lamjad mwenyewe, bila koti. Akamtazama kuanzia utosini, akashuka taratibu, macho yakakawia miguuni.

"Mama amegoma kula mpaka uje," alisema hatimaye. "Anataka umwonyeshe tena."

Kutoka ndani ilikuja harufu ya kuskusi ya samaki. Mkuu akasogea, akamwachia nafasi isiyotosha mtu kupita bila kumgusa.

"Atacheka, na mimi nitakaa nile nikivumilia," alisema. "Haya, ingia. Chakula kinapoa."