Vijiti vya Makaburi ya Msimbu

Wapimaji walipofika Msimbu walichomeka vigingi vyeupe, na habari ikaenea kwamba palipo na kijiti pamekwisha chukuliwa na Mzungu wa mkonge. Mwanahalima, aliyekuwa ametoka eda miezi miwili tu, akamwambia shemeji yake Mwinyimadi wasiache hata kijiti kimoja upande wao. Wakang'oa vigingi, wakang'oa na vijiti vya makaburi kumi na moja ya ukoo, la marehemu mumewe Mwishehe likiwamo, kisha wakapanda muhogo juu. Walidhani wamewaficha wafu wao. Masika ikasawazisha matuta yaliyobaki.

Wapimaji wakarudi, wakachomeka vigingi vyao upya. Ndipo Twalibu, karani wa shamba, akaja kusema Bwana Desmondi, ndiye huyo Mzungu wa mkonge, ameagiza kila kaburi lenye alama liachwe, mkonge usipite. Mwanahalima akajitanda ushungi, akamfuata hadi nyumbani kwa bwana.

Bwana hakuwa mkali. Alikuwa mtoto wa pili wa mabwana wakubwa wa Ayalandi, Waingereza kwa asili, na mezani pake palikuwa na kitabu kinene cha ukoo wao wa Tarlagan. Akamfunulia, Twalibu akafasiri. Babu wa kwanza alipewa nchi ile na mfalme kwa kazi ya upanga, na wenyeji wakasukumwa milimani. Vizazi tisa vikakaa katika jumba la madirisha hamsini, vikila kodi za wapangaji, mpaka miaka minne iliyopita wapangaji walipolitia moto. Picha ya jumba ilikuwamo, na ya makaburi yao, kila jiwe na jina lake. Bwana aliigusa kwa kidole, akasema hatayaona tena.

"Muulize," alisema Mwanahalima, "hao waliosukumwa milimani, makaburi yao yako wapi?"

Twalibu akauliza. Bwana akafunua kurasa mbili tatu, akasema humu hayamo.

Wakaenda shambani wote, Mwinyimadi naye akaitwa. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea nduguye siku ya maziko, naye akasema ni hapa. Hatua nne mbele akasema labda hapa. Mwanahalima hakuwapo siku hiyo, maana wanawake hawaendi. Baada ya eda alikuja mara mbili tu, na siku zote mbili alivitambua vile vijiti, hakutazama kingine. Sasa ulikuwa muhogo mtupu.

Akaomba liachwe shamba zima la muhogo. Bwana akatikisa kichwa: ramani imekwisha tiwa sahihi na wenziwe Ulaya, naye shamba si lake peke yake. Lenye alama ndilo analoweza kuliokoa.

Twalibu akampa kijiti, akamnong'oneza, "Chomeka popote, mama. Huyu hajui."

"Nichomeke, halafu nimsomee nani?"

Akakishika kijiti, hakukichomeka. Bwana akasubiri, akavua kofia, akaivaa, akaondoka.

Jumatatu vibarua wakaanza kuchimba. Mwanahalima akatandika mkeka mpakani, akasoma Yasini yote kwa moyo, bila kuinua macho. Alipomaliza, mistari sita ya mkonge ilikuwa imekwisha pandwa. Akainua mikono amwombee Mwishehe, akaelekea mstari wa kwanza, akaelekea wa nne, kisha akabaki ameinua mikono vivyo hivyo, asijue ageukie upande gani.