Vifaranga Elfu Nne Mpakani

Boksi la tatu lilipofunguliwa, vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi, mabawa yamelegea.

"Hiki ni kideri," alisema daktari wa mifugo wa ng'ambo ya mpaka, akarudi nyuma kana kwamba ugonjwa una miguu.

"Ni joto," alijibu mwenzake, daktari wa upande wa huku, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Kaka, hata hujawashika, umeshajua ni kideri?"

Mama Vifaranga alisimama kati yao. Kwenye lori mlikuwa na vifaranga elfu nne wa siku moja, mzigo wake wa kwanza kuvuka tangu nchi hizi mbili zikubaliane kukagua kwa pamoja. Zamani lori lilikaguliwa huku asubuhi, likakaguliwa upya ng'ambo jioni, kila upande ukiutazama muhuri wa mwenzake kama uliochongwa kwa kiazi. Sasa madaktari wawili walikaa chumba kimoja, meza moja, fomu moja yenye nafasi mbili za sahihi. Dakika ishirini tu, wafanyabiashara waliambiwa, mtu ameshavuka.

Dakika hizo ishirini ndizo zilizomponza. Kanuni ilitaka kila safu ya maboksi itenganishwe na nyingine kwa ubao, hewa ipite. Kwa mpango huo mzigo ungehitaji safari mbili. Alfajiri ile aling'oa mbao za katikati, akazilaza sakafuni mwa lori, akayasukuma maboksi mpaka yakabanana, akajiambia safari yenyewe ni fupi. Siri hiyo alikuwa nayo yeye na dereva, mdogo wa mumewe.

Ila leo foleni ilikuwa ndefu, na uani mwa kituo injini haziruhusiwi kuunguruma. Saa mbili nzima bati la lori lilikuwa likila jua.

"Miaka mitatu iliyopita nilisaini karatasi kama hii," alisema daktari wa ng'ambo. Hakupandisha sauti. "Baada ya wiki mbili, wilaya nzima haikuwa na jogoo wa kuwika. Wa mama yangu ndio waliotangulia."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nakuelewa. Lakini ukiandika ugonjwa, wanachomwa wote."

"Najua kinachofuata."

Alifungua kofia ya kalamu. Mama Vifaranga aligeuka upande wa tanuri la kuchomea mizoga, pale nyuma ya choo cha kituo. Dereva alimvuta kando.

"Shemeji, funga mdomo. Daktari wetu anatutetea, humsikii? Ukisema la mbao, kibali kimekwenda."

"Na wakichomwa?"

"Utatotolesha wengine. Mayai yameisha duniani?" Alijaribu kucheka. "Si wewe uliyesema hewa ya Mungu hupita popote?"

Neno hilo lilimchoma kuliko jua. Ndani ya lori sauti zilikuwa zimepungua. Asubuhi walipiga kelele kama mvua juu ya mabati. Sasa ungeweza kusikia kalamu ikigusa karatasi.

"Niliwabana," alisema.

Madaktari waligeuka.

"Nilitoa mbao za katikati ili wote waingie mara moja. Si ugonjwa. Ni mimi."

Dereva alishika kichwa. Daktari wa huku alivua miwani, akaivaa tena. Yule wa ng'ambo alimtazama Mama Vifaranga kwa macho makavu.

"Mwenye mali hakosi la kusema, mama. Mzigo ukitaka kuchomwa, kila mtu husingizia joto."

"Basi tushushe boksi moja moja," alisema daktari wa huku. "Mimi napanda, nakutajia lilikokaa. Wewe chini, fungua na uandike unachoona wewe, si ninachotaka mimi."

Daktari wa ng'ambo akakunja mikono ya shati.

"Mlangoni, juu!"

"Wazima!"

"Mlangoni, chini!"

"Wazima. Huyu amening'ata!"

"Katikati, la pili!"

Akafungua, akahesabu kwa kidole.

"Kumi na wanne hoi."

Hivyo hivyo hadi boksi la arobaini, jasho likidondokea fomu. Pembeni wote walirukaruka. Waliolegea walitoka maboksi manane, na yote manane yalitoka safu zilizokosa mbao.

Daktari wa ng'ambo aliisoma orodha yake mara mbili. "Kideri hakichagui safu," alisema. Akatia sahihi.

Mama Vifaranga hakuwahi hata kushusha pumzi.

"Fomu ya pili," alisema daktari wa huku, akishindwa kumtazama usoni. "Kukiuka kanuni ya upakiaji. Miezi sita huvushi mzigo, dada. Huku wala ng'ambo." Akasaini. Mwenzake akasaini chini yake.

"Umefurahi sasa?" dereva alinong'ona huku akirudisha mbao. "Ungenyamaza!"

"Ningenyamaza, saa hizi tungekuwa tunanusa manyoya. Endesha, shemeji. Usisimame popote."

Lori lilivuka na maboksi thelathini na mawili, kelele zikirudi kadiri upepo ulivyoingia. Manane yalizuiwa kivulini hadi madaktari wayaone tena jioni. Mama Vifaranga alikaa chini kando ya maboksi hayo, akachovya kidole kwenye kopo la maji, akakigusisha mdomoni mwa kifaranga wa kwanza. Hakumeza. Akachovya tena.