Uso Bila Sare

Juwairiya alikuwa amezoea kutengeneza nyuso za watu wasiokuwepo. Kampuni za michezo ya kompyuta zilimletea kazi, naye chumbani kwake Wanyange, Jinja, alianza kila uso kwa tufe la kijivu kwenye skrini, akalibonyeza na kulivuta kwa kalamu ya kompyuta kama mfinyanzi na udongo wake, mpaka pua ikatoka, mpaka ngozi ikapata vitundu na jasho. Hakuna uso uliowahi kumnyima raha, ila huu wa babu yake.

Babu Jafar alikuwa askari. Serikali ya kijeshi ilipoanguka alitoka Mbale na wenzake kuelekea kaskazini, asirudi tena. Mkewe Hajara alichoma picha zake zote jikoni, maana siku hizo picha ya mume mwenye sare ilitosha kukuponza. Sasa Hajara alikuwa amezeeka, wajukuu wakimwita haboba, yaani bibi kwa Kinubi chao, na alikuwa amemwomba Juwairiya jambo moja: "Nirudishie uso wake kabla sijafa."

Juwairiya alichukua paji la uso na taya za baba yake mdogo Wahab, ambaye wazee walisema ni Jafar mtupu. Mengine akayatoa kwenye maelezo ya haboba. Uso ukatokea, mzuri, lakini haukumwangalia mtu. Kwenye skrini akahamisha taa ya kulia, akairudisha. Akaongeza unyevu wa macho, akaupunguza. Akawa anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anaufungua mdomo wa babu kidogo, anaufunga. Chai ilipoa bila kuguswa. Mwisho akatia kompyuta begini akaenda Mbale.

Huko, mtaani Namatala, haboba alivaa miwani, akatazama kichwa na mabega yenye sare vikizunguka polepole. Wahab alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Mvue hiyo," haboba alisema.

"Nini, haboba?"

"Sare. Ndiyo iliyonichomesha picha. Mvalishe shati."

Juwairiya akamvalisha shati jeupe. Shingo ikaonekana, na haboba akasogea karibu.

"Mbona shingo laini namna hii? Jafar na wembe hawakupatana. Hapa chini ya taya, vipele tupu. Alikuwa akijikuna hata mbele ya wageni, mimi namkanyaga mguu."

Juwairiya akaanza kuinua vipele, vingine vibichi, vingine vimekauka. Haboba akamwongoza kwa kidole: huku zaidi, huku acha. Kisha kidole kikasimama. Akavuta ukingo wa gurbaba, ile nguo wanayojifunga wanawake wa Kinubi, akafunika mdomo.

"Ndiye," alisema.

Wahab alizaliwa baba yake akiwa ameshaondoka. Aliutazama uso ule kitambo, akatoka nje, wakamsikia akipasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Juwairiya alirudi Jinja akidhani sasa atatulia. Wiki haikuisha, haboba akapiga simu.

"Nikifunga macho namuona huyo wako, wa shati jeupe. Namtafuta yule wangu wa siku ya harusi, anakuja na uso huo huo wa kompyuta."

"Nimekosea wapi, haboba? Nitarekebisha."

"Sijasema umekosea. Labda ndiye. Labda yule wangu aliniishia zamani, na mimi sina habari. Usimguse tena."

Juwairiya aliitikia. Lakini simu ilipokatika alifungua uso ule, na papo hapo akaona kivuli chini ya jicho la kushoto ambacho hakikukaa sawa. Akashika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena. Kisha akafunga kompyuta kwa nguvu, akavaa ndara, akashika njia ya Masese, akatembea kando ya ziwa mpaka nyayo zikamuuma, na bado hakujua kama alichomletea bibi yake ni zawadi au wizi.