Jasho la Namba Nane

Jumatatu baada ya mechi ya kwanza ya msimu, Noreen Hallam, mfuaji wa nguo za klabu, alizigeuza jezi zote ndani nje, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita, akakuta mkono wa kushoto wa jezi namba nane haujachafuka. Jezi yenyewe ilikuwa imelowa jasho na tope mpaka kwenye ukosi. Mkono huo mmoja ulikuwa mkavu, na alama za pasi aliyoipitisha Ijumaa bado zilionekana. Aliunusa. Haukuwa na harufu ya mtu.

Namba nane alikuwa mwanawe, Brendan, kiungo wa Skelby Town, mwenye umri wa miaka ishirini na minne na bado akikaa kwa mama yake, mtaa wa pili kutoka uwanjani. Jioni hiyo alikuja mezani bila mkono wa kushoto. Bega liliishia mahali pake, laini, bila kovu.

"Wameniuza kidogo, mama," alisema, akiivuta sahani ya pai na njegere kwa mkono uliobaki. "Asilimia kumi na tano. Siku ya mechi wananirudishia kwa mkopo, dakika tisini na zile za nyongeza."

"Wamekuuza kwa nani?"

"Kampuni fulani. Hawakunitajia jina."

"Na wewe ukatia saini?"

"Ningefanyaje? Ningekataa klabu ingefungwa. Si unajua hali."

Noreen akamkatia pai vipande vidogo vidogo. Hali aliijua. Skelby walishuka daraja mwezi Mei, siku ya mwisho kabisa, kwa bao la kujifunga wenyewe, na fedha za televisheni zikakauka. Kabla Julai haijaisha, wachezaji kumi na mmoja walikuwa wameuzwa, wote kwa ada isiyotajwa, maneno ambayo mwenyekiti Garth Pellow aliyatamka kwa upole, kama mtu anayesimulia maradhi ya shangazi yake. Noreen alikuwa amewafulia wote kumi na mmoja. Waliingiza kiasi gani hakuna aliyeambiwa, ila paa la jukwaa la mashariki liliendelea kuvuja na mishahara ya wafanyakazi iliendelea kuchelewa. Kisha Pellow akasimama katika ukumbi wa mashabiki, akamshika Brendan bega, akaapa: "Huyu ni mtoto wa hapa. Huyu hauzwi." Kwa hiyo kilichomkera Noreen si mkono. Kilichomkera ni kudanganywa mchana kweupe.

Septemba ikaja soksi ya kulia, safi mpaka gotini, na Brendan akawa anapanda ngazi za nyumbani kwa kurukaruka, ameshikilia ukuta. Oktoba mgongo wa jezi ulirudi mkavu kuanzia ukosi hadi chini ya namba. Tangu hapo akawa analala kifudifudi, kwa kuwa hakuwa na mgongo wa kulalia. Mshahara wa Oktoba, ajabu, ulilipwa siku yake, na Noreen akamnunulia mwanawe koti zito la baridi, maana nyumba ilikuwa na ubaridi na yeye alikuwa na mwili mchache wa kujipasha moto.

Lakini Jumamosi saa tisa alasiri Brendan aliingia uwanjani akiwa kamili. Mashabiki walimhesabu kwa macho yao: mikono miwili, miguu miwili, na mgongo ulioinama vizuri kabla ya kupiga kona. Aliyethubutu kuuliza aliambiwa akanunue miwani.

Noreen akaenda ofisini kwa Pellow na ile jezi mkononi.

"Mwenyekiti, nani amemnunua mwanangu?"

Pellow alikuwa anamimina chai. "Jumamosi si ulikuwepo? Kona ya pili alipiga kwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Basi anao."

"Nyumbani hana."

"Ya nyumbani kwako, bibie, mimi siyaingilii. Sukari vijiko vingapi?"

Noreen aliingia humo na shaka moja akatoka na tatu. Akaanza kuwanusa watu. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: kama jasho la mkono haliko kwenye jezi, limemfuata mwenye mkono. Alimnusa wakala mmoja wa wachezaji aliyekuwa akija Alhamisi na viatu vya ngozi ya mamba. Alimnusa muuza pai. Alimnusa hata Wilf Tranter, mtunza uwanja, rafiki yake wa siku nyingi, kwa sababu alikuwa amenunua baiskeli mpya. Koti la Wilf lilinuka mbwa wake na majani yaliyokatwa, basi.

Sasa, tangu mke wa Pellow ahamie Uhispania, mashati ya mwenyekiti nayo yalikuwa yakifuliwa klabuni. Yalikuja kila Jumatatu katika mfuko wake, na hakuna aliyewahi kusema asante. Noreen alikuwa na desturi ya kuumwaga mfuko huo mashineni bila kutazama ndani, kwa hasira. Jumatatu moja ya Novemba mfuko ulipasuka, mashati yakasambaa sakafuni.

Shati la Jumamosi lilikuwa jeupe na safi upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umelowa chapachapa, na kwenye kiwiko palikuwa na alama ya kijani ya mtu aliyeteleza kwenye nyasi. Mgongo nao ulikuwa umegandwa na tope. Pellow alikuwa ameketi jukwaani mchana kutwa, blanketi magotini. Noreen akauinua mkono wa shati puani. Harufu hiyo aliijua tangu ilipokuwa ya maziwa.

Akakaa juu ya kikapu cha nguo, akalia kwa hasira mpaka mashine ikamaliza mzunguko.

Alhamisi ulikuwa mkutano wa mashabiki. Noreen alisimama kabla ya ajenda ya kwanza, akalitandaza shati juu ya meza ya bia.

"Hili ni shati la mwenyekiti. Hili ni jasho la mwanangu. Nimemzaa, silisahau."

Shati likapita mkono kwa mkono. Watu waliosimama nyuma ya goli lile lile miaka thelathini walilinusa kwa makini, wakatikisa vichwa kukubali. Ni Brendan, wakasema, hakuna ubishi.

Pellow hakubadilika uso. "Kampuni ni yangu, ndiyo. Mlitaka nimpeleke kwa wageni? Angalau mimi mnanijua ninapokaa."

Ukumbi ukatafakari. Mtu mmoja akauliza kama bei ya pai itapanda. Pellow akasema haitapanda, na watu wakapumua.

Wilf aliinama karibu na Noreen. "Kaa chini, bibie. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Huyo si mwanao, Wilf."

"Si mwanangu. Lakini mshahara wa Oktoba ulidhani umetoka wapi? Wako na wangu?"

Noreen akalifikiria lile koti, la mikono miwili, alilolilipia kwa noti mpya. Aibu ikamchoma mpaka masikioni. Hoja ya kumshukuru mwenyekiti ilipitishwa kwa kunyoosha mikono. Yeye ya kwake aliifungia mapajani, na katibu akaandika kwamba hoja imepita bila kupingwa.

Januari, dirisha la usajili lilipofunguliwa, klabu moja ya kusini ilimnunua Brendan kwa ada isiyotajwa. Yaani iliyanunua yaliyobaki. Mkono, mguu na mgongo Pellow alivibakiza, akisema bei yake itapanda, na klabu mpya itakuwa ikiviazima siku za mechi. Theluthi ya paa la mashariki ikazibwa. Brendan akapanda treni, mkono mtupu wa koti ameuchomeka mfukoni, na mama yake akampungia mpaka behewa la mwisho.

Mwezi wa pili soksi ya namba nne ilirudi safi. Noreen akaitia mashineni pamoja na nyingine.

Mfuko wa Pellow sasa aliufungua kwanza, kabla ya jezi zote. Wiki mbili za mwanzo shati lilikuja limelowa, naye akajua mwanawe amekimbia sana na hajambo. Wiki ya tatu lilikuja kavu. Ya nne, kavu. Ya tano, kavu vilevile, alikuwa bado amelishika simu ilipolia.

"Nacheza kila wiki, mama," Brendan alisema. "Kocha ananipenda kweli. Jumamosi nilimaliza dakika zote tisini, nimechoka hoi."

Noreen alipitisha vidole kwenye mkono wa shati, kutoka begani hadi kwenye kifungo, kisha akarudia.

"Pole kwa uchovu, mwanangu," alisema. "Pumzika basi."

Akakata simu, akalifua shati hivyo hivyo lilivyokuwa safi, kwa kuwa mwenyekiti angelihitaji Jumamosi.