Figo Iliyobaki Kwangu

Figo yangu iliyoko kwa kaka inatunzwa kama yai. Chakula chake hakikolezwi chumvi, dawa zake zina kengele kwenye simu, na mama humfuata na chupa ya maji chumba hadi chumba. Iliyobaki kwangu inashinda nami kwa dobi, mbele ya pasi. Huko maji tunakunywa kwa kuiba, maana choo kiko mbali na bosi hapendi mtu aondoke mezani. Mgongo ukiuma nameza vidonge vya maumivu, naendelea.

Hospitali walisema nirudi kupimwa kila mwaka. Mama alicheka. "Kliniki ni ya wagonjwa, mwanangu. Wewe ndiye mzima, ndiyo maana ukatoa."

Basi nikawa naenda kumsindikiza kaka tu. "Huyu ni spea yangu," huwaambia wenzake kwenye benchi, nao hucheka. Nami nacheka.

Safari hii nesi alinitazama miguu.

"Mdogo wangu, viatu vinakubana?"

"Ni kusimama tu, dada."

"Hebu lete mkono."

Presha ilikuwa juu. Akanipeleka kwa daktari, nikapimwa damu na mkojo. Daktari aliposikia vidonge ninavyomeza, aliweka kalamu chini.

"Mwenye figo moja hamezi hivyo. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Ila siku ile wote tulikuwa tunamwangalia kaka.

"Imechoka, haijafa," akasema. "Acha hivyo vidonge, kunywa maji, anza dawa ya presha. Na uje kila mwezi, wewe kama wewe."

Nyumbani nilimweleza mama jikoni. Kwanza alifunga mlango.

"Usimwambie kaka yako. Akipata mawazo, figo itaharibika."

"Ipi, mama?"

Akaendelea kumenya vitunguu.

"Na kliniki yangu?"

"Utaenda. Kaka yako akishatulia."

"Miaka saba hajatulia?"

"Usinijibu hivyo."

Mwezi uliofuata, pale kwenye benchi, kaka aliniona nimeshika kikopo cha mkojo.

"We spea, hicho cha nani?"

"Changu. Na mimi ni mgonjwa."

Nikamweleza yote, mbele ya wenzake. Safari hii hawakucheka. Kaka aliinamisha kichwa, akajishika chini ya tumbo, pale walipomwekea figo.

"Sasa, dada," akasema taratibu, "hii yangu si iko salama?"

"Iko salama, kaka."

Akashusha pumzi. Mimi nikaenda kupanga foleni.